Vitabu vitano, wasomaji watano, hakuna mtihani: uanze na kipi?

Mara ya mwisho wengi wetu kushika riwaya ya Kiswahili tulikuwa na kalamu mkononi. Tulipigia mistari majina ya wahusika, tukakariri dhamira, tukaandika pembeni "tashbiha" na "tashihisi" kwa kuwa mwalimu alisema zinatoka kila mwaka. Mtihani ulipokwisha, kitabu kikarithiwa na mdogo wetu, nasi tukabaki wasomaji wa habari za mpira na jumbe za simu.

Mwaka jana shemeji yangu, ambaye ni nesi, aliniambia: "Shem, nitafutie kitabu cha Kiswahili cha kusoma zamu ya usiku. Ila kisiwe cha kunipa funzo." Nikajitia kujua. Nikampa kile ninachokipenda mimi. Baada ya siku nne kikarudi kimefungwa gazeti vilevile nilivyokifunga, na kipande cha karatasi alichokiweka kama alama kilikuwa ukurasa wa 11. Kitabu hakikuwa kibaya. Kilikuwa changu, si chake.

Aibu ile ndiyo iliyozaa mchezo wetu wa Jumapili jioni. Tuko watano: shemeji, fundi cherehani mzaliwa wa Pemba mwenye kibanda chini ya nyumba yetu, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, dereva wa lori Mkenya wa kwao Kitale anayepita Dar kila baada ya wiki kadhaa, na mimi. Tulichagua riwaya tano za aina tano tofauti, tukazizungusha, kila mmoja akazisoma kwa wakati wake, kisha tukakaa barazani kubishana. Ninayoyaandika hapa ni mabishano hayo, kwa ajili ya yeyote aliyesimama mbele ya rafu ya vitabu asijue anyooshe mkono wapi.

Tulipima kwa nini

Mwalimu alitaka tupime "ubora wa fani na maudhui". Tulimzomea, kwa heshima. Tukabakiwa na mambo manne ambayo msomaji huyaona bila kufundishwa: kitabu kinakushika upesi kiasi gani, Kiswahili chake kinaingia sikioni au kinakwaruza, ukikifunga kinakuachia nini moyoni, na kinadai muda na utulivu kiasi gani. La kupatikana kwake nitaligusa harakaharaka, maana linategemea uko mji gani.

Vitabu vyenyewe ni hivi. *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichotoka 1951, ni hadithi ya fumbo kuhusu nchi inayoelea angani, ambako kijana Karama ameshtakiwa kwa kosa la kutaka watu wasome sheria. *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, 1960, ni upelelezi: tajiri mwenye shamba anakutwa amekufa kwenye mzimu, yaani mahali pa matambiko, huko Unguja, na Bwana Msa mwenye kiko chake anaitwa kutegua kitendawili. *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi, 1971, ni maisha ya binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo. *Siku Njema* cha Ken Walibora, 1996, ni safari ya kijana wa Tanga anayemtafuta baba yake Kenya. *Vuta N'kuvute* cha Adam Shafi, 1999, ni mapenzi na siasa za kupinga ukoloni Zanzibar.

Shemeji aliona kasoro ya orodha kabla sijaiona: "Wote watano wanaume." Ni kweli. *Mali ya Maskini* cha Zainab Burhani, cha 1981, kilikuwemo mwanzoni, lakini nakala tuliyoipata ilikuwa moja na imekatika kurasa za mwisho. Riwaya yenye mapenzi bila kurasa za mwisho ni mateso. Tukakiweka kando kwa raundi nyingine.

Kinakushika upesi kiasi gani?

Ukipenda kushikwa kola papo hapo, shindano ni kati ya *Mzimu* na *Rosa Mistika*, ingawa mikono inayokushika si ya aina moja.

*Mzimu* unakushika kwa swali. Kuna maiti, kuna mahali pa kuogopwa, kuna watu ambao kila mmoja anajua kitu asichotaka kukisema. Fundi alikisoma cherehani ikiwa kimya, na wateja wawili walikuja kufuata magauni wakaambiwa kesho. Hata hivyo lazima nikuonye: Bwana Msa si mtu wa mbio. Anavuta kiko, anauliza, anakaa kimya, anauliza tena, na kichwa chake ndicho kinachofanya kazi. Ukiwa umezoea Willy Gamba wa Elvis Musiba, yule jasusi ambaye katika *Kikosi cha Kisasi* (1979) anapelekwa Kinshasa kupambana na wauaji, au Joram Kiango wa Ben Mtobwa, utamwona Bwana Msa kama mzee anayechelewesha chakula. Dereva alimwona hivyo hasa. Alilalamika kwamba katikati ya kitabu watu wanaongea mno. Fundi akamjibu kuwa hayo maongezi ndiyo upelelezi wenyewe, hasikilizi tu.

*Rosa Mistika* unakushika kwa hasira. Kurasa chache tu, tayari unamjua Zakaria, baba mlevi asiyeitunza nyumba yake lakini anayeulinda usichana wa binti zake kwa kipigo. Barua moja kutoka kwa mvulana inatosha kuwasha moto. Huwezi kuweka kitabu chini kwa sababu unataka mtu amzuie huyu baba, na hakuna anayemzuia.

*Vuta N'kuvute* nacho hakikawii. Yasmin, msichana wa Kihindi ambaye bado mtoto, anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa kumzaa. Utamhurumia mara moja. Kisha, baada ya Yasmin kutoroka na kupata hifadhi kwa Mwajuma huko Ng'ambo, anaingia Denge, kijana anayewindwa na polisi wa kikoloni, na hadithi inajivua ngozi: iliyoanza kama kisa cha ndoa inakuwa kisa cha mikutano ya siri na karatasi zinazosambazwa usiku. Hapo ndipo wasomaji wanapogawanyika. Shemeji alisema, "Nilikuwa namfuata Yasmin, mmenipeleka kwenye siasa." Mwalimu alisema kitabu kwake ndipo kilipoanza.

*Siku Njema* kinakwenda taratibu zaidi. Kongowea Mswahili anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, na mwanzo wake ni utoto Tanga na mama ambaye ni mwimbaji wa taarabu. Kinachokushika ni sauti ya msimulizi. Ukiipenda hiyo sauti, utamfuata popote. Usipoipenda, safari ya kwenda Kenya itakuwa ndefu.

*Kusadikika* ndicho cha mwisho kwa kipimo hiki, na ndicho nilichompa shemeji. Naam. Kinaanza kwa kueleza nchi, na kinaeleza bila haraka yoyote, kama mzee anayetandika mkeka kabla ya kusema alichokuitia. Mashtaka yanaposomwa na Waziri Majivuno, na Karama anaposimama kujitetea, mambo yanachangamka. Lakini ukurasa wa 11 si mahali pa kukihukumu.

Kiswahili chake

Hapa ndipo tulipokaa Jumapili tatu, na ndipo nilipogundua kuwa watu wakisema kitabu fulani "kigumu" mara nyingi wanasema tu kwamba hakisemi kama kwao.

*Mzimu* na *Vuta N'kuvute* vyote ni vya Unguja, lakini havifanani. Muhammed Said Abdulla anaandika kama watu wa baraza wanavyozungumza: salamu, utani, mafumbo, mtu anamkatiza mwenzake, mwingine anaapa. Fundi alisema kitabu kinaongea kama marehemu babu yake. Msomaji wa bara atakwama kwa neno moja au mawili katika ukurasa, ila mazungumzo yenyewe humvusha. Adam Shafi yuko mtaani zaidi. Anakuonyesha watu wanavyovaa, wanavyopika, wanavyocheka, harufu ya uchochoro na mlio wa ngoma ya usiku. Maneno ya Unguja yapo tele, lakini yanakuja yakiwa yameshika vitu mkononi, kwa hiyo unayaelewa kwa kuyaona. Shemeji, mzaliwa wa Mwanza, hakuhitaji kamusi hata mara moja, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe.

*Rosa Mistika* kinatoka upande mwingine kabisa wa nchi. Kezilahabi alizaliwa 1944 Namagondo, Ukerewe, na kijiji hichohicho ndicho kijiji cha Rosa. Kiswahili chake ni cha mtu wa visiwa vya ziwa: sentensi fupi, nyofu, bila mapambo. Fundi alikiita "kikavu". Alisema anaposoma anakosa chumvi. Nilimpinga siku ile na bado nampinga. Hadithi kama ya Rosa ikipambwa ingekuwa uongo. Ule ukavu unakuacha peke yako na jambo lenyewe, huna methali ya kujificha nyuma yake. Huyu ndiye mtu aliyekuja kuwatikisa wapenzi wa vina na mizani kwa mashairi huru ya *Kichomi* mwaka 1974, kwa hiyo tusidhani ukavu ule ulitokana na kukosa maneno.

*Siku Njema* ni kinyume chake. Ni Kiswahili kilichovaa nguo za sikukuu. Methali, nahau, misamiati ambayo huisikii sokoni. Wanafunzi wengi wa Kenya wamekisoma shuleni, na dereva wetu alikiri kuwa insha zake zote za sekondari zilikopa humo. Shemeji alisema mwandishi anajionyesha. Mwalimu alisema, subirini, anayesimulia ni nani? Ni kijana anayekipenda Kiswahili kiasi cha kukifanya utambulisho wake, na jina lake la pili ni Mswahili. Mtu kama huyo ataongeaje? Hoja ilikuwa nzuri, ingawa haikumbadilisha shemeji. Mimi niko katikati: zipo aya nilizozirudia kwa raha, na zipo nilizoona neno limewekwa kwa sababu lilikuwepo kabatini.

*Kusadikika* kina Kiswahili cha heshima kuliko vyote, na cha mbali kuliko vyote. Shaaban Robert anapima sentensi kama mshairi, anaweka upande huu na kujibu upande ule. Majina yanatangaza tabia, kwa hiyo ukisikia Majivuno unajua nini kinakuja. Msomaji wa leo, aliyezoea wahusika wa kijivu, anaweza kuona ni mafundisho ya madrasa. Dawa aliyotupa Mwalimu ni kukisoma kwa sauti. Tulijaribu barazani, kila mtu ukurasa, na kweli kitabu kilibadilika: kimyakimya kilikuwa kizito, kwa sauti kikawa na mwendo. Watoto waliokuwa wakicheza wakaja kukaa.

Kinachobaki ukikifunga

*Rosa Mistika* kinahitaji onyo, na nalitoa bila kumung'unya maneno. Kina kipigo cha nyumbani, kina wanaume wazima wanaowatumia wasichana wa shule, kina utoaji mimba na kina kujiua. Kilipotoka kilizuiwa shuleni, na baadaye kikaja kuwa kitabu cha kufundishia shuleni humohumo. Shemeji alikimaliza kwa zamu moja ya usiku. Jumapili iliyofuata hakusema kitu. Jumapili ya pili alisema kwa saa nzima. "Huyu Zakaria namjua," alisema. "Huwa anamleta binti hospitali halafu anatuuliza sisi ameharibikiwa wapi." Mwalimu akathubutu kusema kwamba Rosa naye alichagua mwenyewe njia zake akiwa chuoni Morogoro, mbali na baba yake. Tulikaribia kugombana. Dereva, mwenye mabinti wawili, alitoka nje kuvuta sigara, na alikuwa ameacha kuvuta. Sijui kitabu kingine chetu kilichofanya hivyo. Ikiwa uko katika kipindi kigumu, kiache kwa sasa.

*Vuta N'kuvute* nacho kina maumivu: ndoa ya kulazimishwa, mtu kukataliwa na wake kwa kupenda nje ya kabila lake, jela, polisi. Lakini kina Mwajuma. Mwajuma hana kitu na anagawa, hana mume na hajali, anacheka wakati wa kulia. Kwa sababu yake unafunga kitabu ukiwa umechoka vizuri, kama mtu aliyetoka harusini alfajiri.

*Siku Njema* kitakutoa machozi mahali fulani karibu na kifo cha mama, kisha kitakulipa. Jina halikudanganyi. Kwa dereva kulikuwa na jambo la ziada: njia ya Kongowea inaishia Kitale, kwao, naye alikuwa akikisoma akisubiri foleni ya lori mpakani. Alituambia alifika mwisho wa kitabu kabla ya kufika mbele ya foleni, akakianza upya.

*Mzimu* hukuachia utulivu wa hesabu iliyokubali. Hakuna zaidi, na hakuna ubaya. Lakini kuna jambo dogo nililolipenda: hadithi inawaheshimu watu wanaouogopa mzimu bila kuuachia mzimu kazi ya kuua. Bwana Msa anatafuta binadamu. Na katika vitabu vyetu vya 1960, si haba.

*Kusadikika* huacha tabia mbaya. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi, Mbinguni na Ardhini kutafuta mema ya kuiletea nchi yao, wakarudi nayo, wakafungwa. Ukishayasoma hayo, kila ukikaa kwenye kikao cha mtaa au cha kazini ambapo mtu ameleta wazo na wazo linazikwa, unamwona Majivuno amekaa pale mbele ya chupa ya maji. Kiliandikwa Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Nchi ya kuelea angani ilikuwa mahali salama pa kuisemea.

Muda na mahali

Usidanganywe na unene. *Kusadikika* ndicho chembamba kuliko vyote, kurasa hazifiki mia, na ndicho kinachodai utulivu mwingi kuliko vyote. Daladala haikifai. Heri mjumbe mmoja kwa jioni moja, siku sita umemaliza.

*Rosa Mistika* ni cha usiku mmoja au miwili, utake usitake. *Mzimu* usikiache wiki nzima katikati, utasahau nani alikuwa wapi saa ngapi, na hapo upelelezi wote unaharibika. *Siku Njema* ni cha safari. Kinavumilia kusimamishwa na kuendelea, kwa kuwa chenyewe ni njia. *Vuta N'kuvute* ndicho kinene. Kipe wiki mbili, na ukubali kwamba utapotea kidogo wahusika wapya wanapoingia, kisha utawazoea.

Kukipata

Vilivyopita au vinavyopita mikononi mwa wanafunzi huchapwa tena na tena, kwa hiyo *Kusadikika*, *Siku Njema* na *Vuta N'kuvute* havikutusumbua. *Rosa Mistika* tulikipata baada ya kuulizia maduka mawili. *Mzimu* tulikipata kwa muuza vitabu vya zamani anayetandaza kando ya barabara, kikiwa na jina la mwanafunzi wa kidato cha pili wa miaka mingi iliyopita na mchoro wa fuvu alioutia kwa wino. Nakala za kupigwa picha kwa simu zinazosambazwa kwenye makundi tulizikataa. Nusu ya kurasa zimekatwa herufi za mwisho, mbali na hilo lingine la haki ya aliyeandika.

Kuhusu *Vuta N'kuvute* kuna swali tunaloulizwa: ipo filamu, ya Amil Shivji, iliyooneshwa Toronto mwaka 2021, je, mtu aanze nayo? Ni filamu nzuri kuitazama. Ila kitabu kina nafasi ya kukaa barazani na watu ambao filamu haina budi kuwapita. Mimi ningesoma kwanza. Fundi alitazama kwanza na hakujuta. Alisema ilimsaidia kuwaona watu.

Basi, wewe uanze na kipi?

Kama hujamaliza kitabu chochote kwa miaka mitano, usianze na kile unachoona aibu kutokukisoma. Anza na *Mzimu* ukiwa mtu wa pwani au mpenda maneno ya pwani; anza na *Rosa Mistika* ukiwa mtu wa bara unayetaka Kiswahili kisichokusimamisha, na moyo wako uko imara kwa sasa. Hivyo viwili ndivyo vilivyomalizwa upesi na kila mmoja wetu, hata aliyelalamika.

Kama unamtafutia kijana wa sekondari kitabu kisichofanana na adhabu, *Siku Njema*. Atapata methali za insha bila kuambiwa kuwa ndizo zilizokusudiwa. *Rosa Mistika* nacho kinamfaa msichana au mvulana wa kidato cha juu, lakini kisome kwanza wewe mzazi, na mkae mzungumze. Kumrushia tu ni kumwonea.

Kama mnasoma wawili, mume na mke au marafiki, na mnataka cha kubishania, *Vuta N'kuvute*. Mmoja atamfuata Yasmin, mwingine Denge, na chakula cha jioni hakitapoa kwa ukimya. Kinawafaa pia walio mbali. Binamu yangu aliyeko Maskati, ambaye bibi yake aliondoka Unguja akiwa msichana, alitumiwa nakala; ujumbe wake wa sauti wa dakika tisa ulikuwa karibu wote kuhusu majina ya mitaa.

Kama unafanya kazi ya zamu, au una watoto wadogo wanaokukatiza, achana na vile vinavyotaka mtiririko. *Siku Njema* kinavumilia. *Kusadikika* nacho, ajabu, kinaweza kuvumilia kwa sababu ya zile safari sita, ilimradi kila safari uipe nusu saa isiyo na kelele. Wapi utaipata, hilo ni lako.

Kama uko ughaibuni na watoto wako Kiswahili wanakielewa lakini hawakisomi, jaribu *Kusadikika* kwa sauti, wewe ukiwa msomaji. Nimeona kilivyowakalisha watoto wa mtaa wetu. Usiwape mkononi.

Na kama umeshavisoma vyote vitano ukiwa shuleni, una bahati kuliko unavyodhani, maana ukivirudia huna wa kukuuliza dhamira. La sivyo, nenda pembeni kidogo: *Kuli* cha Adam Shafi, cha wafanyakazi wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948, ni chepesi zaidi ya *Vuta N'kuvute* na kinakwenda kasi. Au *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobel. Ni hadithi ya Yusuf, mtoto aliyechukuliwa kwa deni la baba yake, nayo kwa Kiswahili inasomeka kama iliyorudi nyumbani. Ndicho tulichokianza mwezi huu. Dereva kaondoka nacho juzi, kwa hiyo tutasubiri foleni ya mpakani ifanye kazi yake.

Shemeji, kwa mkopo wa pili, amechukua *Kusadikika*. Ameniambia yuko ukurasa wa 34 na nisimuulize zaidi.